Ngoja Kabla ya Kukata

Wenzangu, hapa Buyenzi viwanja ni vidogo, na mti usiozaa hukatwa. Baba alikwisha kunoa shoka kwa ajili ya mparachichi wetu. Nikamwomba angoje.

Ua la mparachichi hufunguka mara mbili: kwanza la kike, kisha la kiume. La Hass, kwa kawaida, ni la kike asubuhi, na kesho yake alasiri huwa la kiume. La Fuerte ni kinyume. Basi mti ulio peke yake mara nyingi huzaa haba.

Nafasi ya mti wa pili hatuna; ya tawi tunayo. Nimebebesha kijiti cha Fuerte juu ya Hass yetu, nacho kimechipua. Baba amenipa muda mpaka maua yajayo. Nanyi ombeni muda.