Wodi ya Akili Inadai Wauguzi Walioisomea

Ilikuwa saa nane usiku, kwenye wodi ya wanaume ya hospitali moja ya wilaya. Kijana wa miaka ishirini na ushee, aliyelazwa jioni hiyo kwa kuchanganyikiwa, alianza kupinda shingo. Kichwa kilivutwa nyuma mpaka kisogo kikaelekea mgongoni, macho yakageuka juu yakabaki meupe, ulimi ukatoka nje na kukakamaa. Mama yake alipiga yowe kwamba mapepo yamempanda. Nesi wa zamu, binti aliyekuwa peke yake na wagonjwa zaidi ya thelathini, aliamini ugonjwa umezidi. Aliwaita walinzi wawili wamfunge kijana kwa kamba kitandani, akaanza kuvuta sindano ya pili ya haloperidoli, dawa ile ile ya kutuliza aliyomchoma saa chache kabla.

Mwandishi wa makala haya alikuwapo, akimuuguza ndugu yake kitanda cha tatu. Aliyeokoa usiku ule hakuwa mtumishi wa hospitali. Alikuwa mama mtu mzima, muuguzi mstaafu, naye akimuuguza mumewe. Aliinuka kwenye mkeka wake, akamshika binti mkono.

"Mwanangu, usimchome tena. Haya si mapepo wala si kifafa, dawa ndiyo imemkaza. Promethazini unayo?"

"Ipo kabatini, mama."

Sindano ilichomwa. Haikuisha nusu saa, shingo ikawa imenyooka na kijana anaomba maji ya kunywa.

Haloperidoli ilitengenezwa Ubelgiji mwaka 1958. Kwamba inaweza kukaza misuli ya shingo, taya na macho, hasa kwa vijana wa kiume wanaoipata kwa mara ya kwanza, ni jambo analojua kila aliyesomea uuguzi wa afya ya akili. Mkazo huo huja ndani ya saa au siku chache, na ukishika koo unaweza kuziba pumzi. Promethazini, dawa ya mzio iliyomo katika wodi nyingi, huulegeza. Usiku ule ilikuwa kabatini tangu jioni, hatua kumi kutoka kitandani kwa kijana anayefungwa kamba.

Binti yule hana lawama. Alifundishwa uuguzi wa kawaida, akasoma mada ya akili kwa wiki chache, akatupwa zamuni. Lawama ni ya waliopanga zamu hiyo, na ya wote walionyamaza miaka nenda rudi. Sababu zinajulikana: wauguzi ni wachache, ikama haijazwi, posho haitoshi, na wapo wakubwa wanaoigeuza wodi ya akili kuwa mahali pa kumkomesha mtumishi aliyewaudhi. Bado ni aibu. Hakuna hospitali inayomweka chumba cha upasuaji mtu asiyejua kushika mkasi, lakini mgonjwa wa akili anakabidhiwa yeyote aliye karibu.

Kinachouma zaidi ni habari aliyoisimulia yule mama kulipokucha. Alikwenda kusomea uuguzi wa magonjwa ya akili, akarudi kituoni na cheti, akapangiwa kliniki ya watoto. Alikaa huko miaka kumi na moja, akipima uzito na kuchanja, bila kumgusa mgonjwa hata mmoja wa akili. Mshahara haukuongezeka hata shilingi. Wenzake walipomuuliza kama nao waende kusoma, aliwajibu hapana.

Cheti cha fani hii si jambo geni duniani. Marekani, hospitali ya McLean ilifungua shule ya wauguzi wa wagonjwa wa akili mwaka 1882. Uingereza ilianza kuwatahini wauguzi hao mwaka 1891. Mwaka 1952 muuguzi Hildegard Peplau alichapisha kitabu kilichoeleza kwamba uhusiano wa muuguzi na mgonjwa, namna anavyomsikiliza na kuzungumza naye, ni sehemu ya tiba yenyewe. Leo Mmarekani anayetaka kutambuliwa kuwa muuguzi mbobezi wa akili hutakiwa awe amefanya kazi miaka miwili, atimize saa 2,000 za kuhudumia wagonjwa hao ndani ya miaka mitatu, afanye mtihani, kisha ahuishe cheti kila baada ya miaka mitano.

Na huku kwetu Tanzania njia ipo. Hospitali ya Mirembe ya Dodoma imepokea wagonjwa wa akili tangu 1927, na pamekuwa pahala pa kufundishia wauguzi wao. Chuo Kikuu cha Muhimbili kina shahada ya uzamili ya uuguzi wa afya ya akili. Kwa jirani zetu Kenya, chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC kina stashahada ya juu ya fani hii kwa wauguzi waliokwisha kusajiliwa.

Basi wauguzi waanze. Anayependa kazi hii aandike barua ya kuomba masomo wiki hii, ampe muuguzi mkuu wa wilaya, abaki na nakala yenye mhuri. Akisubiri zamu yake, adai mafunzo mafupi ya mwongozo wa mhGAP wa huduma za afya ya akili, ambao Shirika la Afya Duniani liliutoa mwaka 2010 kwa ajili ya watumishi wasio mabingwa.

Wakurugenzi wa halmashauri watenge nafasi za masomo hayo kwenye bajeti, na anayerudi na cheti arudishwe wodi ya akili, asipelekwe kwingine. Cheti kionekane kwenye cheo na kwenye mshahara. Baraza la Uuguzi na Ukunga lina uwezo wa kulisukuma jambo hili, na chama cha wauguzi kilipiganie kwa nguvu zile zile kinazopigania posho.

Wananchi nao wasikae pembeni. Kila halmashauri ina bodi ya huduma za afya yenye wawakilishi wao, na kila kituo kina kamati. Mwakilishi asimame kikaoni aulize: wauguzi wangapi hapa wamesomea akili, na usiku wa leo yuko nani wodini? Jibu liandikwe kwenye muhtasari. Kikao kijacho aulize tena. Ndugu anayemleta mgonjwa naye aulize pale pale mapokezi, kwa heshima lakini bila woga, kwa sababu mgonjwa aliyechanganyikiwa hawezi kujiulizia.

Yule mama mstaafu alitoka hospitalini na mumewe siku mbili baadaye. Wodi ile bado haina muuguzi aliyesomea akili. Wenye kalamu za kusaini ruhusa za masomo, tafadhalini, sainini.