Shabiki Asiye na Kazi Ni Mgeni

Ndugu msomaji, mwezi wa Mei 2024, serikali za kaunti za Mombasa na Kilifi zilipotangaza kupiga marufuku muguka, jina la Mbeere liliingia katika kila baraza la Pwani. Kila nilipokaa, wenzangu walinigeukia na kuniuliza: "Wewe si ulisomesha huko? Hebu tueleze, watu wenyewe wakoje?" Niliwajibu kwa ufupi, maana habari ya majani hayo ina wasemaji wengi. Lakini moyoni nilikumbuka jambo jingine kabisa, jambo lililonitia aibu na kunifunza uongozi kwa wakati mmoja. Jambo hilo ni chama cha washabiki wa mpira tulichokiunda Siakago, nami leo naomba nafasi nilieleze, kwani naona sisi wa Pwani tunalihitaji kuliko wao.

Kwa asiyepajua, Siakago ni mji mdogo, makao ya Mbeere Kaskazini katika kaunti ya Embu. Ni nchi ya jua kali, maembe, pojo na mtama. Mtu wa Mombasa hupaona mbali, na kwa basi ni mbali kweli. Lakini Mto Tana unaopita kusini mwa nchi ya Mbeere, na kujaza mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, ndio huo huo unaoteremka Garissa na Garsen mpaka ukaingia baharini Kipini. Kwa hiyo si wageni kwetu kama tunavyodhani.

Nilipofika huko kikazi nilikuta timu ya mji ikicheza jioni katika uwanja wa vumbi. Vijana walikuwa na miguu mizuri, ila hawakuwa na watu. Watazamaji walisimama huku na huku, wakipiga makofi bao likiingia na kuondoka mvua ikinyesha. Mimi mtoto wa Mombasa, niliyelelewa na kelele za uwanja wa Tononoka, nikaona hapa pana kazi yangu. Nikaitisha mkutano, nikaandika katiba ya kurasa mbili, na kwa mwezi mmoja nikawa na wanachama 63, kila mmoja akitoa shilingi 50 kwa mwezi.

Sasa sikiliza kosa langu. Katibu nilikuwa mimi. Mweka hazina, mimi. Wa kukodi gari, mimi. Wa kuchagua nyimbo za kushangilia, mimi. Nilijiambia kwamba nafanya hivyo kwa kuwahurumia wenzangu, kwa kuwa wao ni watu wa shamba na duka, nami nina nafasi. Kumbe ilikuwa ni kiburi kilichovaa kanzu ya wema.

Miezi ya kwanza timu ilishinda, na kila kitu kilikwenda. Ngoma zililia, filimbi zililia, hata akina mama waliacha vibanda vyao wakaja kutazama. Kisha timu ikafungwa mara nne mfululizo. Wale 63 wakawa 30, wale 30 wakawa 9. Katika kundi letu la simu majina yalikuwepo yote, uwanjani hayakuwepo. Nami nikawalaumu, nikasema hawa hawana uvumilivu, wanapenda ushindi tu.

Halafu ikaja habari ya pesa. Tulikodi matatu kwenda Ishiara kwenye mechi ya ugenini. Michango mingine ilikuja mkononi, mingine kwa simu. Zilikusanyika shilingi 7,400. Gari lilichukua 6,000, maji na mikate ikachukua 500, na zile 900 zilizobaki sikuweza kueleza zilikwenda wapi. Wallahi sikuzila. Siku nyingine nilikuwa nimetoa mfukoni mwangu zaidi ya hizo, wala sikuandika, na zile 900 nadhani nilijirudishia bila ya kuandika pia. Lakini nani atajua? Nikasikia mkahawani watu wakinong'ona: "Mswahili na pesa za Ishiara."

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Suratul Baqara, imekuja kutufunza kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Mimi niliisoma chuoni nikiwa mtoto, nikaihifadhi, na nilipopewa mali ya watu 63 sikununua hata daftari.

Tulikutana chini ya mti karibu na uwanja. Nilikuja na hasira. Nikasema nimejitolea, nimepoteza wakati na fedha zangu, na haya ndiyo malipo. Nilipomaliza, mzee mmoja aliyekuwa haji mpirani ila siku za ushindi alisimama akasema kwa upole: "Mwalimu, hakuna aliyesema umekula. Tunasema hatukujua. Na liko kubwa kuliko hilo. Gari unaita wewe, pesa unashika wewe, wimbo unatoa wewe. Sisi umetufanya wageni katika arusi yetu wenyewe. Na mgeni, Mwalimu, akichoka huaga akaenda zake."

Sikupata jibu. Usiku ule sikulala vizuri, na kilichonikosesha usingizi si zile shilingi 900. Ni kwamba yule mzee wa Mbeere alinieleza jambo ambalo wazee wangu wa Mombasa walilijua tangu zamani, nami nililiacha nyumbani nilipofunga sanduku.

Hebu tukumbuke. Vyama vya lelemama vya Mombasa, kama Ibinaal Watan na Banu Saada, vilikuwa na vyeo, michango na mashindano. Mwanamke aliingia katika ngoma, akajikuta ana cheo cha kukilinda na zamu ya kuitimiza. Beni hali kadhalika, ile iliyoenea mwambao na bara, na vyama vyake mashuhuri vya Marini na Arinoti: kila mtu na daraja lake kama jeshini. Na kama yuko msomaji asiyependa mfano wa ngoma, namheshimu, basi na atazame maulidi ya mtaani kwake, au maziko. Yuko wa kutandika mikeka, yuko wa maji, yuko wa kuni, yuko wa kusimamia pilau. Hakuna anayeulizwa kama ana hamu siku hiyo. Anakuja kwa kuwa asipokuja, mkeka hautatandikwa.

Basi tulianza upya. Tulichagua mweka hazina mwingine, mama muuza uji, ambaye hakuwa na elimu kubwa lakini alijua kuhesabu. Tulinunua daftari, na sharti likawa kwamba kabla ya kila mechi ya nyumbani hesabu isomwe kwa sauti, hata kama waliopo ni watu watano na hata kama kilichomo ni shilingi 40. Mtu mmoja akapewa kazi ya kuita gari, na kazi hiyo ikazunguka kila miezi mitatu. Vijana wawili wakapewa ngoma wazilinde na kuzikaza ngozi. Mwingine akapewa kuandika majina ya wafungaji. Yule mzee tukampa kazi ya kumtembelea mchezaji aliyeumia na kupeleka salamu za chama. Golikipa wetu alipovunjika mkono, mzee alikwenda kwao mara tatu, kwa miguu. Tangu siku hiyo hakukosa mechi hata moja, tushinde tusishinde.

Timu haikuwa bora kuliko mwanzo. Msimu ule ilifungwa zaidi ya ilivyoshinda. Lakini mwisho wa msimu nilihesabu uwanjani watu 41, na kila mmoja niliweza kumtaja kwa jina na kwa kazi yake. Mwezi wa Ramadhani ulipoingia nilipunguza kutoka, nikidhani shughuli zitalala. Hazikulala. Wao wenyewe waliusogeza mkutano hadi baada ya Magharibi, wakaniletea uji wa kufuturia na ndizi, kisha wakanisomea hesabu. Nilikaa kimya nikisikiliza. Sijapata kufurahi hivyo kwa kutohitajika.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya timu ndogo, na kwamba klabu kubwa hushika watu wake kwa vikombe. Nami nasema watazame vizuri. Gor Mahia, iliyoundwa mwaka 1968, ilichukua Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987 na ikawa fahari ya Kenya nzima. Lakini baada ya kuchukua ligi mwaka 1995 haikuichukua tena mpaka 2013. Miaka kumi na minane! Mtoto aliyezaliwa baada ya ubingwa ule alikuwa mtu mzima. Mahasimu wao AFC Leopards, walioanza mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya, walishinda ligi mwaka 1998, kisha wakakaa zaidi ya robo karne bila ya kuiona. Na bado siku timu hizo mbili zinapokutana, wenyewe wakiitana mashemeji, uwanja hujaa. Kama ni vikombe vinavyomfunga mtu, watu hao wangalikwisha hama zamani.

Vuka mpaka uende Dar es Salaam. Yanga ilizaliwa mwaka 1935, na hasimu wake mwaka uliofuata, akabadili majina mpaka akaitwa Simba mwaka 1971. Nguvu ya klabu hizo haiko Jangwani na Msimbazi peke yake. Iko katika matawi: penye mwenyekiti, katibu, kadi ya uanachama na baraza la kunywea kahawa. Ndiyo maana Desemba 2017, Simba ilipokuwa ikigeuza mfumo wake na kumkaribisha mwekezaji, mpango ulikuwa yeye apate asilimia 49 na wanachama wabaki na 51. Muuza chipsi wa Kariakoo hatapata gawio la maana katika hizo 51. Lakini anataka aambiwe kwamba yeye ni mwenye nyumba, si mpangaji.

Hata Uingereza, nchi ya mabilioni ya mpira, jambo ni hilo hilo. Mwaka 2002 klabu ya Wimbledon ya London ilipewa ruhusa ya kuhamia mji mwingine, Milton Keynes. Washabiki wake hawakuketi kulia. Waliunda klabu yao wenyewe, AFC Wimbledon, wakawajaribu wachezaji wa kwanza katika uwanja wa wazi wa Wimbledon Common, wakaanza chini kabisa. Mwaka 2011 walipanda mpaka wakaingia katika ligi ya kulipwa ya nchi nzima. Watu hao walikuwa wamenyang'anywa timu, nao wakaonyesha kwamba anayebeba timu mgongoni ndiye mwenyewe.

Sasa nirudi kwetu. Feisal ya Mombasa ilikuwa bingwa wa ligi ya Kenya mwaka 1965, miaka miwili tu baada ya ligi hiyo kuanza. Muulize kijana wa leo wa Majengo au Kibokoni habari ya Feisal, atakukodolea macho. Muulize habari ya Arsenal, atakutajia wachezaji mpaka wale wa akiba, na atagombana na nduguye kwa ajili yao. Wazee humlaumu, na mimi pia niliwahi kumlaumu. Siku hizi namwelewa. Arsenal inamwonyesha mpira mzuri kuliko wa mtaani kwake, na hatuwezi kushindana nayo kwa hilo.

Lakini liko moja ambalo Arsenal haiwezi kumpa. Arsenal haimhitaji. Asipotazama Jumamosi, London hakuna atakayeuliza yuko wapi. Timu ya mtaa wake inaweza kuuliza. Inaweza kumwambia: "Fulani, ngoma iko kwako, usipokuja haitapigwa." Hiyo ndiyo mali pekee tuliyo nayo, na ndiyo tunayoitupa. Tunamwita kijana siku ya mechi aje apige kelele, kisha viongozi wanajifungia na daftari, na akiuliza pesa anaambiwa ana fitina. Akiondoka tunasema hana uzalendo.

Ombi langu kwa ndugu zangu wanaosimamia washabiki, kuanzia Lamu hadi Vanga, ni dogo. Kabla ya kununua jezi na mabango, hesabuni kazi mlizo nazo, kisha hesabuni watu. Kazi zikiwa mikononi mwa watu watatu, jueni kwamba hao wengine wote ni wageni, na mgeni ana siku zake. Someni hesabu mbele ya watu bila ya kuombwa. Wapeni akina mama nafasi, si ya kupika tu, bali ya kushika mfuko. Na kiongozi akiona shughuli zinakwenda bila yeye, asinune, na ashukuru.

Zile shilingi 900 nilizilipa. Mama muuza uji aliziandika katika ukurasa wa kwanza wa daftari, na kila mechi ya nyumbani zilisomwa kwa sauti pamoja na jina langu, mpaka ukurasa ulipojaa. Mara ya kwanza niliona haya. Baadaye nilipenda kuzisikia.

Wabillahi tawfiq.