UKUMBI WA NYUMBANI: Wanawake Sita wa Makerere

Kila unapowadia wakati wa kulipa karo, mazungumzo ya namna moja husikika katika nyumba nyingi za askari. Fedha zilizopo zamtosha mtoto mmoja tu, na waliofaulu ni wawili, mvulana na msichana. Mara nyingi mvulana ndiye afungiwaye sanduku, na dada yake huambiwa asubiri. Wazazi waamuao hivyo hudhani kwamba elimu ya juu ni jambo la wanaume tangu asili. Yafaa wakumbushwe yaliyotokea katika kilima cha Makerere, mjini Kampala.

Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, wote wavulana. Walifundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Wasichana nao walikuwa na shule zao, kama ile ya Gayaza iliyofunguliwa na wamisionari mwaka 1905 kwa ajili ya mabinti wa machifu. Lakini shabaha yake ya kwanza ilikuwa kuwatayarisha wawe wake wema wa viongozi. Juu ya hapo hapakuwa na njia. Mwito wa chuo cha Makerere wenyewe ulisema, "Tuwe Wanaume".

Mwaka 1945 wanawake sita wa kwanza waliingia. Idadi hiyo ilikuwa ndogo, lakini ilitosha kuufanya mwito ule usifae tena. Ukaachwa, na mpya ukatangaza kwamba chuo chajenga kwa ajili ya siku zijazo. Baadaye likapatikana bweni la wanawake, likapewa jina la Mary Stuart, mke wa Askofu Cyril Stuart, aliyepigania sana elimu yao.

Hata hivyo, kuingia chuoni si sawa na kukubaliwa. Miongoni mwa wanafunzi wanawake wa mwanzo alikuwamo Sarah Nyendwoha, aliyezaliwa Hoima, Bunyoro, mwaka 1925, na kusomea King's College Budo, shule iliyoanzishwa kwa ajili ya wavulana. Alipenda hesabu. Mwalimu wa somo hilo alikataa kufundisha darasa lenye mwanamke, na binti huyo akalazimika kushika masomo mengine. Hakurudi nyumbani kulia. Alishika historia, na somo hilo likamfikisha Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, alikopata digrii mwaka 1954. Hutajwa kuwa mwanamke Mwafrika wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kuhitimu chuo kikuu.

Asidhani mtu kwamba huko Ulaya mambo yalikuwa mepesi tangu zamani. Wanawake walianza kusoma Oxford mwaka 1879, lakini hawakupewa digrii hadi mwaka 1920. Kwa miaka 41 walisoma na kufaulu mitihani, kisha wakaondoka bila digrii.

Aliporudi Uganda, Sarah alikwenda kufundisha Gayaza. Hapo alikuta kikwazo kingine: mshahara aliopangiwa ulikuwa mdogo kuliko wa mwanamume mwenye elimu kama yake. Askari yeyote aweza kuupima uchungu huo. Watu wawili wa cheo kimoja walinde lindo moja, usiku mmoja, kisha mwisho wa mwezi mmoja wao apewe pungufu! Sarah aliukataa mshahara huo, akachagua kufundisha bure kuliko kukubali kwamba kazi yake ina thamani ndogo. Habari zikamfikia Gavana, Sir Andrew Cohen, na mwalimu huyo akapewa haki yake.

Baada ya kuolewa na mchoraji Sam Ntiro wa Tanganyika, alijulikana kwa jina la Sarah Ntiro. Mwaka 1958 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka uliofuata, Josephine Nambooze alihitimu udaktari hapo hapo Makerere, akawa mwanamke wa kwanza wa Uganda kufikia daraja hilo. Mwaka 1990 chuo kilianza kuwaongezea wasichana alama moja na nusu wakati wa kuchagua wanafunzi, ili kuziba pengo la miaka mingi. Bi Ntiro aliishi hadi mwaka 2018, akayaona mabadiliko hayo kwa macho yake.

Alama hizo, hata hivyo, hazimfai msichana aliyekatishwa masomo kabla ya kufika kidato cha sita. Mlango wa chuo u wazi, lakini wa nyumbani bado hushikwa na baba na mama. Basi wazazi wenye fedha za mtoto mmoja na waketi, wazitazame ripoti za wote wawili, wapige hesabu, watafute msaada wa jamaa, wala wasimwondoe mmoja kwa kuwa tu ni msichana. Mwalimu yule wa hesabu alimfungia binti wa watu darasa. Ni aibu iliyoje mzazi kumfungia wa kwake!