Mbio za Hisani: Aliye Nyuma Naye ni Mkimbiaji

Zamani neno "marathoni" tulilisikia redioni tu. Lilikuwa la watu wachache walioitwa mashujaa wa taifa. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch, New Zealand, mwaka 1974, na Juma Ikangaa alishinda marathoni ya New York mwaka 1989. Sisi wengine kukimbia kwetu kulikuwa mchakamchaka wa shuleni, na baada ya hapo tulikimbia mvua na magari tu.

Leo mambo yamegeuka. Mbio za Kilimanjaro zimekimbiwa mjini Moshi tangu mwaka 2003, na pamoja na wale wa kilomita 42 na wa kilomita 21 kuna umati mkubwa wa kilomita 5, wenye akina mama, watoto na wazee. Baada yake zimeota mbio za hisani kila mahali: za kuchangia wodi ya wazazi, za madawati, za matibabu ya watoto, na hata za kumalizia paa la kanisa. Sisi wa ukurasa huu wa afya tunalifurahia jambo hili kwa moyo wote. Lakini liko neno ambalo halisemwi, kwa sababu waandaaji wanaogopa kupunguza watu na wakimbiaji wanaona aibu kuuliza. Sisi tutalisema.

Mkimbiaji mgeni tunamfahamu. Fulana ameipata Ijumaa. Raba ameazima kwa shemeji. Hajakimbia tangu alipomaliza darasa la saba, na sasa ana miaka 45, ana kitambi kidogo, na shinikizo la damu hajapima kwa muda mrefu. Kengele inapolia anachomoka kama mshale, kwa kuwa watu wa jumuiya yake wamesimama pembeni wanamshangilia. Akifika mita 600 amekwisha. Wiki nzima inayofuata hashuki ngazi bila kushika ukuta, na tangu siku hiyo anawaambia watu kwamba mbio si za umri wake. Hapo tumempoteza mtu ambaye kukimbia polepole kungemsaidia sana.

Wako wanaotuambia kwamba haya yote ni mambo ya watu wa mjini wasio na kazi. Mkulima anayelima tangu alfajiri na mama anayepanda mlima na ndoo kichwani, wanasema, hawahitaji kukimbia. Tunakubali. Miili yao inafanya kazi ya kutosha, na wakipata nafasi ni afadhali wapumzike. Lakini tujihesabu vizuri. Mwenye duka anakaa, mwalimu anakaa akisahihisha madaftari, dereva wa bodaboda anakaa kutwa, na karani anakaa mpaka kiti kinachukua umbo lake. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima ajishughulishe kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki kwa mwendo wa wastani, kama kutembea kwa haraka, au dakika 75 hadi 150 kwa mwendo mzito zaidi, kama kukimbia. Wengi wetu hatufikii hata nusu yake, na huku kisukari na shinikizo la damu vimeingia katika nyumba zetu kama wageni wasioaga.

Basi mtu aanzeje? Aanze na ule mchakamchaka wake wa shuleni. Walimu wetu walitukimbiza tukiimba, na ndani yake mlikuwa na hekima: anayeweza kuimba au kuzungumza sentensi nzima anakimbia kwa mwendo unaomfaa. Akibaki na neno mojamoja, amezidisha. Kipimo hiki hakihitaji saa wala mashine ya aina yoyote.

Wiki mbili za kwanza atembee kwa haraka. Kisha akimbie dakika 1, atembee dakika 2, na arudie hivyo kwa muda wa dakika 20 au 25, siku 3 kwa wiki, akipumzika siku moja katikati. Kila wiki aongeze kukimbia kidogo na kupunguza kutembea. Baada ya wiki 8 hadi 10 watu wengi wenye afya wanaweza kumaliza kilomita 5 bila kusimama. Kama wiki ni ngumu airudie. Hakuna mtihani wa taifa hapa. Mapafu huzoea upesi, lakini mifupa na kano huchelewa, na ndiyo maana wengi huumia mwezi wa pili, wakati wanapojiona wamekuwa hodari.

Raba za mitumba zinafaa, mradi ukizikunja zisivunjike katikati, soli iwe haijalika upande mmoja, na mbele ya kidole kikubwa ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Vijana hutuuliza habari za Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 akiwa peku. Ni kweli kabisa. Lakini alikuwa na nyayo zilizozoea, na alikuwa amefanya mazoezi makali kwa muda mrefu. Aliyevaa viatu maisha yake yote asivue siku ya mbio.

Mwenye shinikizo la damu, kisukari, ugonjwa wa moyo au pumu, na yeyote aliyewahi kuzimia au kuumwa kifua akifanya kazi nzito, aende kwanza zahanati au hospitali akapimwe. Wengi wataruhusiwa kufanya mazoezi, na pengine watapewa masharti tu. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari abebe sukari au pipi mfukoni, maana sukari yaweza kushuka njiani. Mjamzito ambaye hakuwa na desturi ya kukimbia aendelee kutembea, na mbio azingoje. Mwenye homa asikimbie, hata kama amelipa kiingilio. Akapime malaria.

Sasa tuje kwenye vidonge. Imekuwa desturi kwa watu wengine kumeza diklofenaki au ibuprofeni asubuhi ya mbio "ili miguu isiume". Ndugu zetu, acheni. Dawa hizi hupunguza damu inayoingia kwenye figo, na katika jua kali, huku maji ya mwili yakipungua kwa jasho, figo zinaweza kudhurika vibaya. Zaidi ya hayo maumivu ni mlinzi. Ukimlewesha mlinzi usishangae mwizi akiingia.

Kuhusu maji, watu hukosea pande zote mbili. Kukimbia katika joto bila maji ni hatari, jambo hili kila mtu analijua. Lisilojulikana ni kwamba kunywa kupita kiasi nako ni hatari, kwa sababu chumvi ya damuni huzimuliwa na ubongo unaweza kuvimba. Katika marathoni ya Boston ya mwaka 2002 watafiti walipima damu za wakimbiaji 488, wakaona 13 kati ya kila 100 wana upungufu huo wa chumvi. Waliokuwa hatarini zaidi ni waliokunywa mpaka uzito wao ukaongezeka njiani, na waliochukua zaidi ya saa 4, yaani watu wa mwendo wetu. Kunywa unaposikia kiu. Kwa kilomita 5 asubuhi yenye ubaridi, kikombe kimoja au viwili vyatosha kabisa.

Namba ya kifuani

Hapa ndipo penye shina la makala yetu. Kuna mazoea ya kuazimana namba. Fulani amejiandikisha, amepata safari, basi anampa shemeji yake namba ili pesa isipotee. Tunaambiwa ni ukarimu. Sisi tunasema ni hatari, na hatutaki kulainisha neno.

Ile karatasi iliyobanwa kwa pini nne si pambo. Ukianguka huna fahamu, namba ndiyo kinywa chako. Watu wa huduma ya kwanza wataitafuta katika daftari la waandaaji, nao watasoma jina, umri, na simu ya ndugu wa kuitwa. Kama namba ni ya shemeji, watakutibu wakidhani una umri wake, pengine kwamba huna ugonjwa wowote, na simu italia nyumbani kwake. Fikirini mama mmoja akiambiwa kwamba mumewe amezimia barabarani, na mumewe yuko safarini salama, huku mke wa aliyezimia anapika chai hana habari. Je, ni ukarimu gani huu? Kama huendi, waulize waandaaji kama wanaruhusu kubadilisha jina. Wasiporuhusu, pesa hiyo ihesabu kuwa sadaka. Si ndiyo maana ya hisani?

Anayejipenyeza bila namba kabisa naye ana makosa yake. Maji, magari ya wagonjwa na wauguzi vimehesabiwa kwa idadi ya waliojiandikisha. Kikombe anachokunywa yeye ni cha mtu wa mwisho, ambaye mara nyingi ni bibi au kijana mzito anayekihitaji kuliko wote. Na nyuma ya namba, ndugu msomaji, andika kwa kalamu ya wino ugonjwa wako kama unao, na dawa unazotumia. Haina gharama.

Adabu ya barabarani ni ileile ya nyumbani. Kama mwendo wako ni wa pole, simama nyuma mbio zinapoanza. Ukijipanga mbele utakanyagwa na utawakwaza wengine. Wanaotembea watembee wawili wawili pembeni, si watano wameshikana mikono kama wanaopeleka posa. Kwenye meza ya maji chukua, sogea mbele, kisha simama kando. Mate tema pembeni baada ya kutazama nyuma. Chupa na vikombe weka kwenye pipa au mpe kijana wa kujitolea, tena umwambie asante, maana ameamka saa 10 usiku kwa ajili yako. Vidude vya muziki masikioni vinakuzuia kusikia pikipiki inayokuja. Viache nyumbani, ukikosa muziki imba. Mahali pa kugeukia, geukia hapohapo palipowekwa alama. Tunashangaa kuona mtu mzima akikata kona katika mbio za hisani ambazo hazina zawadi. Anamwibia nani?

Ukimwona mwenzako anayumba, anaongea maneno yasiyoeleweka, au ameshika kifua, mbio zako zimekwisha hapo. Mkalishe kivulini, ita watu wa huduma ya kwanza, na kama mwili unawaka kwa joto mmwagie maji na mpepee. Akiwa amechanganyikiwa, usimlazimishe kunywa. Hakuna medali inayozidi hilo.

Watu hupenda kutupa mfano wa John Stephen Akhwari, mwana wa Tanzania aliyeanguka na kuumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akaendelea akichechemea mpaka uwanjani. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57, na yeye alikuwa wa 57, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Tunamheshimu sana. Lakini hatupendi jina lake litumiwe kumsukuma baba wa watoto wanne aendelee kukimbia na goti lililovimba. Akhwari alibeba bendera ya nchi. Wewe umebeba ada ya shule, na kesho una kazi. Ukiumia, toka kando na upande gari la waandaaji, wala usione haya.

Funzo la Akhwari sisi tunalipeleka kwa waandaaji. Alipoingia uwanjani watazamaji wengi walikwisha ondoka, lakini waliobaki walimpigia makofi, na kamera ilikuwapo. Ndiyo maana tunamjua. Kwetu, mara nyingi wa mwisho anapofika hema limekunjwa, maji yameisha, na kipaza sauti kiko kwa mgeni rasmi. Wauguzi nao wameondoka, wakati yule aliyekaa juani muda mrefu kuliko wote ndiye mwenye kuwahitaji zaidi. Tunaomba hotuba ingoje. Waandaaji watangaze mapema saa ya kufunga njia, na mpaka saa hiyo ifike meza za maji na huduma ya kwanza zibaki mahali pake.

Jambo jingine ni saa. Mbio nyingi huwekwa Jumapili asubuhi, na familia zetu hulazimika kuchagua. Palipo na Misa ya Jumamosi jioni hakuna tatizo. Pasipo nayo, parokia inayoandaa mbio zake yenyewe haina sababu ya kutozifanya Jumamosi.

Na akina baba, tunawaomba jambo moja. Katika mbio hizi tunawaona waume wengi waliofanya mazoezi, na wake wengi wasiofanya, wanaokuja siku hiyo tu kwa sababu ya fulana. Tukiwauliza akina mama wanajibu kwamba alfajiri kuna uji, kuna watoto wa shule, kuna maji ya kuchota, na kwamba akipita na raba majirani wanacheka. Majirani watachoka kucheka baada ya wiki mbili, hasa wanawake wakienda watatu au wanne pamoja, njia yenye watu na mwanga. Lakini uji hauchoki. Basi zile siku 3 za wiki baba apike yeye, amvalishe mtoto sare, na mama aende dakika zake 25.