Jina kwenye hati si mwisho wa maneno

Wiki iliyopita, kwenye foleni ya kliniki ya presha, mama mmoja aliniambia halali tangu mumewe amtamkie: "Ukiondoka, ondoka na nguo zako. Nyumba ina jina langu." Wameishi miaka 19, wana watoto wanne, na matofali mengi yalinunuliwa kwa fedha ya vitumbua.

Mama, hati pekee haiamui. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Huangalia mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, madeni ya manufaa ya wote, na mahitaji ya watoto. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani nazo ni mchango.

Lakini usitegemee nusu kwa nusu. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwa kuwa fedha aliyopewa na mumewe afanyie biashara aliitapanya. Mahakama hupima ushahidi. Basi tunza risiti za saruji na daftari la kikoba, mkumbuke na fundi uliyemlipa kwa mkono wako.

Kabla ya mahakama, anzia baraza la usuluhishi wa ndoa. Na baba unayesoma hapa, sheria hiyohiyo inakulinda wewe uliyejenga kwa jina la mkeo.

Dawa za presha, mama, usiache kumeza.