Ukiwa na Siku Moja Cairo, Anza kwa Imamu

Watu wetu wa pwani siku hizi wanapita Cairo kwa wingi. Wako vijana waliokwenda kusoma Al-Azhar, wako wagonjwa wanaofuata matibabu, na wako wale ambao ndege huwashusha pale alfajiri na kuwachukua tena usiku kuelekea Ulaya. Mimi nilikuwa katika hawa wa mwisho. Kabla ya kuondoka niliwauliza waliopata siku kama hiyo waliitumiaje, na jibu lilikuwa moja: walikwenda Giza, wakapigwa picha na ngamia, wakarudi uwanjani.

Sina ugomvi na piramidi. Kaburi la Farao Khufu lina umri wa miaka 4,500 hivi, na lilipojengwa lilikuwa na kimo cha mita 146. Karibu nalo yapo Makumbusho Makuu ya Misri yaliyofunguliwa rasmi Novemba 2025. Mwenye wiki nzima na aende, kwani nasi tumeamrishwa kutembea katika ardhi tukatazama mwisho wa waliotutangulia. Lakini hesabu ya siku moja ni nyingine. Uwanja wa ndege uko upande wa mashariki ya mji, Giza iko magharibi ng'ambo ya mto Nile, na baina yao pana magari ambayo sijui hata hutoka wapi. Ukienda na kurudi, siku imekwisha, na wewe hujauona mji wa Kiislamu hata kidogo.

Ndipo nasema: mtu wa pwani mwenye siku moja Cairo amzuru kwanza Imamu Shafii.

Tangu chuoni, tukiwa tumekaa mkekani na Safina mbele yetu, sisi ni watoto wa madhehebu yake. Tukisoma kunuti katika sala ya alfajiri, ni yeye. Tukitia udhu tena kwa kuguswa na mwanamke asiye maharimu, ni yeye. Lakini muulize kijana wa leo wa Mombasa au wa Lamu Imamu huyo amezikwa wapi, uone atakavyokutajia Makka, Madina na Baghdad kabla ya kukaa kimya.

Alizaliwa Gaza mwaka 150 Hijria, yaani 767, akalelewa Makka, akasoma kwa Imamu Malik Madina, akafundisha Baghdad. Akahamia Misri mwishoni mwa umri wake, na huko akafariki mwaka 204, yaani 820. Miaka yake ya Misri ilikuwa michache lakini ilikuwa mizito. Aliyapitia upya aliyokuwa ameyasema Iraki na mengine akayabadilisha, ndiyo maana wanavyuoni wetu hutaja kauli ya kale na kauli mpya. Iliyoshikwa aghalabu ni hiyo mpya. Kwa hivyo sehemu kubwa ya fiqhi tunayoifuata huku kwetu ilikamilishwa na mtu aliyelala pale chini ya jabali la Mukattam, naye alikuwa mshairi juu ya hayo.

Dereva wa teksi, mtu wa makamo yangu, alinitazama katika kioo.

"Piramidi, ya hagi?"

"Kwa Imamu," nikamjibu kwa Kiarabu changu cha chuoni.

Alinyamaza, akapunguza sauti ya redio, na tulipofika hakunidai zaidi ya tulivyopatana. Waliowahi kupanda teksi za Cairo watanielewa.

Kuba lake unaliona kwa mbali. Ni la mbao lililofunikwa risasi, na alilijenga Sultani Al-Kamil, mtoto wa nduguye Salahuddin, mwaka 608 Hijria, yaani 1211. Salahuddin mwenyewe alikuwa ametangulia kujenga madrasa mahali hapo, na sanduku la mbao lenye nakshi lililo juu ya kaburi ni la zama zake, la mwaka 1178. Kilichonisimamisha mimi ni kitu kilicho nchani mwa kuba: mashua. Wengine husema ilikuwa ikitiwa nafaka wale ndege. Wengine husema ni ishara ya bahari ya elimu. Nimezaliwa nikitazama mashua, lakini sikuwa nimeona iliyotia nanga juu ya kuba, tena mbali na bahari.

Ndani ni pazuri, marumaru na mbao za rangi, na yote yalitengenezwa upya kwa kazi iliyokwisha mwaka 2021. Wamisri wana ada ya kumwandikia Imamu barua na kuziacha pale, wakishtaki dhuluma waliyofanyiwa kama waendao kwa kadhi. Mtaalamu wao Sayyid Uways aliandika kitabu kizima juu ya barua hizo katika miaka ya 1960. Najua wako masheikh wetu watakaokunja uso hapa, na mintarafu ya barua niko pamoja nao: mwenye kuombwa ni Mungu. Lakini kutoa salamu kwa maiti na kuwaombea ni mafundisho ya Mtume mwenyewe, na sioni kwa nini tumsalimie jirani yetu aliyezikwa jana tusimsalimie mwalimu wetu wa miaka 1,200. Nilisoma Yasini nikatoka. Katika msikiti wa ubavuni nikasali Adhuhuri na Alasiri pamoja, rakaa mbili mbili, kwa ruhusa ya msafiri kama alivyoieleza yeye mwenyewe.

Sasa lililonifanya niandike. Makaburi yaliyomzunguka Imamu yanavunjwa. Eneo hilo, liitwalo Karafa, ni sehemu ya Cairo ya kale iliyowekwa na UNESCO katika urithi wa dunia tangu 1979. Lakini tangu 2020 barabara kuu na madaraja yamekuwa yakipasuliwa ndani ya makaburi ya mji huo. Mwaka 2022 hata kaburi la Taha Hussein, yule kipofu aliyekuwa nguzo ya fasihi ya Kiarabu, lilitiwa alama ya kuvunjwa mpaka watu wakapiga kelele. Serikali inasema mji umesongamana na watu wanataka njia, na ni kweli, nilikaa katika msongamano huo nikauhesabu. Kuba la Imamu lenyewe halikuguswa. Lakini kuba peke yake katikati ya lami si Karafa. Wanafunzi waliozikwa karibu na mwalimu wao, majina yaliyochongwa katika mawe, miti, familia za walinzi wa makaburi, hayo hayarudishwi na kamati.

Na tusiwacheke Wamisri. Makaburi yetu ya nguzo ya Malindi na Takwa yangekuwa wapi leo kama si idara ya makumbusho na wale watu wa Shela wanaovuka kwenda Takwa kuomba mvua? Mengine mengi hayana wa kuyaulizia, na viwanja vya pwani vina bei.

Ukibakiwa na wakati, nenda msikiti wa Amr bin Al-As, wa kwanza kujengwa Afrika, mwaka 642, ingawa ulioko leo umejengwa na kujengwa tena. Kisha Al-Azhar, uliojengwa na Mafatimi waliokuwa Mashia kisha ukawa ngome ya Sunni. Kwa historia ya namna hiyo tungeweza kupunguza baadhi ya matusi ya mimbarini. Soko la Khan al-Khalili liko ng'ambo ya barabara, na huko kila kitu utauziwa ghali.

Mawakala wetu wanaouza tikiti zinazopitia Cairo waitie ziara hii katika karatasi zao. Nusu siku yatosha pamoja na njia, gharama ni ya teksi na sadaka kidogo kwa mlinzi, na asubuhi ni bora kuliko mchana kwa sababu ya jua na magari.