Kiarabu cha Kitabuni Hakitoshi Jikoni Maskati

Niseme mapema ili anayetaka kukasirika akasirike mapema: binti wa Nyabiyonza anayejiandaa kwenda kufanya kazi za ndani Maskati au Doha atafaidika zaidi na nyimbo 10 za rap za Kiarabu kwenye simu yake kuliko kitabu cha sarufi alichoazimwa na mjomba. Sijasema kitabu kitupwe. Nimesema atafaidika zaidi.

Wapo wakubwa zetu huku Karagwe na Kyerwa ambao wakisikia hivyo wanaguna. Eti Kiarabu ni lugha ya Kurani, hakijifunzwi kwa wahuni wenye cheni shingoni. Hoja ina heshima yake, nitairudia. Lakini wanaoitoa wanadhani Kiarabu ni kimoja, na hapo ndipo wanapowapoteza watoto wa watu.

Kiarabu cha kitabuni, yaani fus'ha, ni cha taarifa ya habari, hotuba na magazeti. Nyumbani, watoto wakigombana au mama akiita kutoka jikoni, kila nchi ina chake. Chukua neno dogo tu, "nataka". Kitabu kinasema "uridu". Cairo mwanamke atasema "ayza". Beirut na Damascus ni "biddi". Moroko ni "bghit". Ghuba utasikia "abgha" au "abi". Haya, "sasa" je? Kitabuni ni "al-ana", Cairo "dilwa'ti", Beirut "halla'", Moroko "daba", Ghuba "alhin". Ukiambiwa "alhin" na wewe bado unaisubiri "al-ana", wali umeshaungua.

Sisi huku tunalima kahawa, na neno lenyewe Kiswahili kimelipata kwa Waarabu: "qahwa". Cairo ile q inamezwa kooni, inabaki "ahwa". Ghuba wengi wanasema "gahwa", na wapo wanaoigeuza kabisa ikawa "ghawa". Kwa hiyo binti aliyekulia kwenye mibuni ya baba yake anaagizwa kahawa ya wageni na anabaki ameduwaa mlangoni.

Wenzangu hujibu: akisema "uridu", si ataeleweka? Ataeleweka, ndiyo. Pengine watacheka kidogo, kama tunavyomcheka mgeni anayeongea Kiswahili cha kamusi kwa bodaboda wa Kayanga. Tatizo si kuuliza. Tatizo ni jibu. Jibu linakuja kwa kasi, kwa lugha ya nyumbani, likiwa limekatwa nusu ya vokali, na kitabu hakikumwandaa kwa lolote kati ya hayo.

Na hili si jambo la mzaha. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wanawake wa Kitanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu: pasipoti kushikiliwa na mwajiri, saa za kazi zisizo na mwisho, mishahara kukatwa au kutolipwa kabisa, vipigo. Mfumo wa kafala, unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake, hauvunjwi na wimbo, na mtu asije akasema nimesema hivyo. Lakini kuna tofauti kati ya anayesikia kinachosemwa juu yake sebuleni na asiyesikia. Mmoja anajua kwamba kesho anahamishiwa nyumba nyingine. Mwingine anajulia ndani ya gari.

Sasa kwa nini rap, si tamthilia? Kwanza ni bando. Wimbo ni dakika tatu, unaupakua mara moja na kuusikiliza mara mia shambani bila mtandao. Pili, vina vinashika neno: ukisahau la kwanza, la pili linalivuta. Tatu, na hii ndiyo kubwa, mwanarap anajivunia mtaa wake. Mwimbaji wa mapenzi wa Beirut anaweza kuimba kwa lahaja ya Misri ili auze kanda. Mwanarap akiacha lahaja ya kwao amekwisha. DAM wa mji wa Lod wanaongea kama Wapalestina wa Lod. Balti anaongea kama Mtunisia. Flipperachi wa Bahrain anaongea kama mtu wa Bahrain, na huyo ndiye wa kumsikiliza anayekwenda Ghuba.

Nguvu ya lahaja wala si ya kubishania. Mwishoni mwa 2010 kijana wa Tunisia aitwaye El Général alirusha wimbo wa kumsema rais kwa lugha ya mitaani. Januari 2011 walimkamata. Tarehe 13 ya mwezi huohuo Rais Ben Ali, aliyetawala miaka 23 akihutubia taifa kwa fus'ha, alijitokeza kwenye televisheni na kuongea Kitunisia cha nyumbani, akisema amewaelewa. Kesho yake alikimbia nchi. Hata yeye, maji yalipomfika shingoni, alijua watu wanasikia kwa lugha ipi.

Nirudi kwa wakubwa. Kwamba rap ina matusi ni kweli, zipo nyimbo ambazo sitaki mdogo wangu azisikie. Basi chagueni. Ila msisahau kwamba mtu asiyejua tusi hutukanwa huku anatabasamu. Na madrasa haiibiwi kitu hapa: Mwarabu mwenyewe anasali kwa Kiarabu kimoja na kununua nyanya kwa kingine, na imani yake ipo palepale.

Kasoro ninayoiogopa mimi ni nyingine, na wapenzi wa rap hawapendi kuitaja. Rap nyingi ni midomo ya wanaume wakiongea na wanaume. Kiarabu kinatenganisha "wewe" wa kiume, "inta", na "wewe" wa kike, "inti". Bahrain na Kuwait, "hujambo" ya mwanamume ni "shlonik" na ya mwanamke ni "shlonich". Binti akibeba kila kitu kutoka kwa Flipperachi atamsalimia mama mwenye nyumba kama anavyosalimiwa dereva. Awatafute na wanawake: Mayam Mahmoud, yule wa hijabu aliyesimama jukwaani Arabs Got Talent mwaka 2013, ingawa chake ni cha Misri, Shadia Mansour, ingawa chake ni cha Palestina. Wa Ghuba ni wa kutafuta kwa bidii, na kila neno alihakikishe kwa ujumbe wa sauti kwa shangazi au dada aliyekwisha kufika huko.

Anayeona haya ni mageni kwetu asome tena historia ya hapahapa. Speke alipofika kwa Mukama Rumanyika mwaka 1861, aliandika kwamba mfalme alimpokea kwa Kiswahili kizuri. Karagwe hapakuwa na darasa la Kiswahili wala kamusi. Palikuwa na kituo cha wafanyabiashara Waarabu na Waswahili pale Kafuro, na Rumanyika alikuwa na masikio. Sijui mzee gani leo angethubutu kumwambia kwamba alianza vibaya, kwamba angeanza na ngeli.